Barua kwa mwanangu: akiba ya mwili

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Swali lako la kwenye simu lilikuwa fupi, ila jibu lake haliingii kwenye meseji. Umeuliza inakuwaje mtu anakaa wiki kadhaa bila chakula, bila maji hamalizi hata wiki, na bila hewa dakika chache tu amekwisha. Umeyauliza kama mambo matatu, kumbe ni moja. Kila kitu ambacho mwili unakitumia umekiwekea akiba, na akiba hizo hazilingani. Ya hewa ni ya dakika. Ya sukari ni ya usiku mmoja, ya maji ni ya siku, ya mafuta ni ya wiki, na ya madini ya chuma ni ya miezi. Ukijua ukubwa wa kila akiba na kinachoitafuna, magonjwa mengi ya ghafla utayaelewa hata kama hujawahi kuyasoma, na mtu akianguka mbele yako utajua pa kuanzia.

Na kwa kuwa dada yako atamleta mtoto akae kwako wiki nzima, na wewe ndiye mama mdogo, penye kupima nitakupa vipimo kamili.

Nianze na hewa. Mtu mzima aliyetulia anatumia takriban mililita 250 za oksijeni kila dakika. Ukijumlisha yote iliyomo kwenye mapafu na kwenye damu, haizidi lita moja na nusu. Kwenye karatasi hiyo ni dakika tano au sita. Kwa kweli ni pungufu, maana ubongo haungoji mpaka tone la mwisho. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unajichukulia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu ikikatika kwenda kichwani, fahamu zinapotea kwa sekunde kumi hivi, na kuanzia dakika ya nne hadi ya sita seli za ubongo zinaanza kuharibika, na zikifa hazirudi.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Tunayotoa bado ina kama 16, ndiyo maana pumzi ya mdomo kwa mdomo inamfaa aliyezama. Pumzi moja ya kawaida ni nusu lita, lakini kama mililita 150 zinaishia kooni na kwenye mirija mikubwa, hazifiki kwenye vifuko hewa ambako oksijeni inaingia damuni. Fanya hesabu uone. Anayehema juujuu mara 40 kwa dakika, kila pumzi mililita 250, anaingiza lita 10, ila lita 6 zinaishia njiani, zinabaki 4. Wewe uliyekaa ukisoma, kwa pumzi 14 za nusu lita, unaingiza lita 7 tu, na zinazofika ni karibu 5. Anayehema mbio basi anaweza kuwa anakosa hewa kuliko wewe uliyetulia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayekohoa, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, huku umetazama tumbo likipanda na kushuka. Zikifika 40 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, inaweza kuwa nimonia. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, usingoje hata asubuhi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kinachokulazimisha kupumua kwa kawaida si upungufu wa oksijeni, ni kujaa kwa kabonidayoksaidi. Wale vijana wanaopiga mbizi Coco Beach na Kigamboni, wakihema haraka haraka kabla ya kuzama ili wakae chini muda mrefu, hawaongezi oksijeni ya maana. Wanachofanya ni kuipunguza kabonidayoksaidi, na ile haja ya kuvuta pumzi inachelewa. Oksijeni inakwisha kabla kengele haijalia, kijana anazimia majini bila kuhangaika, na wenzake wanadhani bado anaonyesha ufundi.

Jiko la mkaa linaua kwa mlango wa jirani na huo. Masika yakianza, watu mnaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha kwa sababu ya mvua na mbu. Mkaa ukiungua kwenye hewa haba unatoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, inaishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kidogo tu hewani, baada ya saa chache, kimeshakalia nafasi nyingi kwenye damu. Kabonidayoksaidi inaendelea kutoka kama kawaida, kwa hiyo mtu hasikii kubanwa na pumzi. Anasikia kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, kisha usingizi. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kinadanganyika, kinaisoma gesi hiyo kama oksijeni na kuonyesha asilimia nzuri. Usidanganywe na mkaa ulioiva mwekundu usiotoa moshi: kukosa moshi si kukosa gesi. Pika nje au barazani, na usilale na jiko ndani hata likiwa linaelekea kuzimika. Mkiamka watatu chumbani nyote vichwa vinauma, msitafute malaria kwanza. Tokeni nje, kisha nendeni hospitali mkapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo inachukua saa nne hadi tano kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja hadi moja na nusu.

Hewa ikishaingia, damu ndiyo mchukuzi. Moyo wako uliotulia unapiga kama mara 70 kwa dakika, kila pigo linasukuma kama mililita 70, jumla ni karibu lita 5, yaani damu yote uliyonayo inazunguka mzunguko mzima na zaidi kila dakika. William Harvey, daktari wa Uingereza, alitoa hoja hii mwaka 1628 kwa hesabu tu. Wakati ule waliamini kuwa ini linatengeneza damu mpya kutokana na chakula na viungo vinaimaliza. Yeye akapima kiasi kinachotoka kwa pigo moja, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote. Hakuna chakula cha kutengeneza kiasi hicho, kwa hiyo lazima ni ileile inarudi. Mimi huipenda hoja hiyo kuliko michoro yote ya moyo iliyomo kwenye madaftari yenu.

Kiasi cha damu ni kama mililita 70 kwa kila kilo ya mwili, kwa mtoto mdogo 75 hadi 80. Wewe mwenye kilo 55 una kama lita 3.8, mtoto wa dada yako mwenye kilo 14 ana lita moja na kidogo. Kikombe kimoja cha chai kilichomwagika kutoka kwako utakivumilia, kwa yule mtoto ni sehemu ya tano au ya nne ya damu yake. Mtu mzima akipoteza hadi asilimia 15, mwili unabana mishipa na kuharakisha moyo, na presha inabaki palepale. Ikipita asilimia 30, presha inaanguka, ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, mtu anababaika. Usisubiri presha ishuke ndipo ujue hali ni mbaya, kwa kijana inashuka mwisho kabisa. Tazama mapigo yanayokwenda mbio na viganja vilivyopoa.

Ukikuta ajali ya bodaboda na damu inatoka, chukua kitambaa safi kuliko vyote vilivyopo, khanga inatosha, kunja, weka juu ya kidonda, kandamiza kwa viganja viwili na uzito wa mwili wako. Kandamiza dakika kumi bila kufunua kuchungulia, maana kila ukifunua unang'oa donge la damu linaloanza kushika. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, cha chini usikitoe. Mlaze majeruhi chali. Usimwage kahawa, majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Haviizuii damu, na daktari atapoteza muda kuviosha.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo akiba inayopotea zaidi hapa Dar.

Mwili wa mwanamume ni maji kwa karibu asilimia 60, wa mwanamke 50 hadi 55. Una kama lita 29 au 30, nyingi sana, lakini si za kutumia. Thuluthi mbili zimo ndani ya seli, na nyingine nyingi zimezizunguka. Ukipoteza asilimia moja au mbili ya uzito unasikia kiu. Ukipoteza asilimia 10 uko hatarini. Kila siku, bila jasho la maana, zinatoka kama lita mbili hadi mbili na nusu: mkojo lita moja na nusu, pumzi na ngozi kama mililita 800, na kidogo kwenye choo kikubwa. Figo zako mbili, kila moja na vichujio karibu milioni moja, zinachuja lita 180 kwa siku na kurudisha zaidi ya asilimia 99. Maji yakipungua, ubongo unatoa homoni inayoziambia zirudishe zaidi, na mkojo unakuwa mchache na mzito. Ila kuna kikomo: uchafu wa mwili hauwezi kutoka bila maji, kwa hiyo angalau nusu lita kwa siku lazima itoke, hata kama hujanywa kitu. Ndiyo sababu akiba ya maji haiwezi kusimamishwa. Unaweza kupunguza matumizi, huwezi kuyafunga.

Rangi ya mkojo ni kipimo cha bure. Njano hafifu, sawa. Njano iliyokolea kama chai ya rangi, kunywa. Mweupe kama maji ya bomba kutwa nzima, umezidisha. Na kuzidisha nako kuna madhara: anayekunywa maji matupu lita nyingi kwa saa chache huku anatoka jasho anazimua sodiamu ya damu, yaani ile iliyomo kwenye chumvi, ubongo unavimba, anaumwa kichwa, anatapika, anaweza kupata degedege. Maji ya bahari nayo ni kinyume chake. Yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kiasi hicho, hivyo kila kikombe unachokunywa kinatoka na maji zaidi ya yale kilicholeta. Wavuvi wa Feri wanalijua hilo bila kusoma figo.

Jasho la Dar lina ubishi wake. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na joto la kama kilokalori 580. Neno la maana ni ikikauka. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu, ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Januari na Februari hewa yetu imejaa unyevu, jasho linachelewa kukauka, mwili unaongeza jasho, nalo linadondoka. Ndiyo maana nyuzi 32 za hapa zinamchosha mtu kuliko nyuzi hizohizo za Dodoma. Feni haipozi hewa ya chumbani, ila inaondoa ile hewa yenye unyevu iliyoganda kwenye ngozi ili jasho lipate pa kukaukia.

Ukimkuta mtu juani, kuli au fundi, amechoka, anatoka jasho, kichwa kinauma, misuli inakaza lakini anajibu vizuri, mpeleke kivulini, mpe maji na kitu chenye chumvi. Ukimkuta anaongea ovyo au hajitambui na mwili unawaka, ama jasho lipo ama halipo, hiyo ni hatari ya kifo. Joto lake linaweza kuwa limepita 40. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka barafu au chupa za maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku usafiri unatafutwa. Panadol haitamsaidia, na sababu inafaa uijue. Kwenye homa ya malaria au mafua, ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, ndiyo maana mgonjwa anatetemeka na kuomba shuka huku anaungua. Dawa inakishusha kiwango hicho. Kwenye joto la jua kiwango hakijapanda, ni mwili umeshindwa kutoa joto, na dawa haina cha kushusha.

Kuharisha. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima hadi lita moja kwa saa, kwa hiyo mtu aliyeamka mzima anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Bakteria wake hawatafuni utumbo. Wanatoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo mwembamba kusukuma chumvi nje, na maji yanaifuata chumvi. Kwa muda mrefu watu walimnyima mgonjwa wa kuharisha maji, wakisema anayaongezea choo. Na kweli maji matupu yanapita tu. Siri iko kwenye njia nyingine ya utumbo, inayochukua sodiamu na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, kwa pamoja, kimoja hakipiti bila kingine. Robert Crane alieleza jambo hilo huko Prague mwaka 1960, na bahati yetu ni kwamba sumu ya kipindupindu haiigusi njia hiyo. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowarundika wakimbizi mpakani na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa wa kambi ya Bongaon, India, maji yenye chumvi na sukari kwa mdomo, wakihudumiwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vilikuwa kama asilimia 30, vikashuka chini ya asilimia 4.

Pakiti ya ORS unayoinunua duka la dawa ndiyo hiyo: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5, sitreti ya sodiamu 2.9, kwa lita moja ya maji. Lita moja, mwanangu, hapo ndipo watu wanapokosea. Chupa kubwa za maji madukani nyingi ni za lita moja na nusu; ukimwaga pakiti humo umeizimua. Ukimwaga kwenye chupa ya nusu lita umekoleza maradufu, na maji yaliyokolea yanavuta maji mengine kutoka mwilini kwenda utumboni, unaharishisha zaidi. Wapo wanaomwaga nusu pakiti kwenye glasi na kufunga nyingine kwa kesho: unga haujachanganyika sawasawa, nusu moja inaweza kuwa na chumvi nyingi na nyingine sukari tupu. Chukua chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji salama, mimina zote kwenye jagi, weka pakiti nzima, koroga mpaka iyeyuke. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikipita siku nzima, saa 24, mwaga utengeneze mpya.

Pakiti isipopatikana: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vyote usawazishe kwa kisu, visiwe na kilima. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa chumvi kidogo. Chumvi ikizidi kwa mtoto ni hatari kuliko kukosekana. Soda na juisi za pakiti zina sukari kupita kiasi na chumvi haba. Dafu nalo, pamoja na sifa zake zote, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Kwa kiu ya kawaida ni zuri sana, kwa kipindupindu halitoshi.

Mtoto wa miaka miwili au zaidi, baada ya kila choo cha maji, mpe mililita 100 hadi 200. Aliye chini ya hapo, 50 hadi 100. Mpe kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, kimoja kila dakika mbili tatu. Usimnyime chakula, na kama ananyonya aendelee kunyonya. Dukani ulizia na vidonge vya zinki: kwa umri wa mtoto wa dada yako ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Finya ngozi ya tumbo lake taratibu kisha uachie. Ikirudi hapohapo, endelea nyumbani. Ikisimama kama mkunjo kwa zaidi ya sekunde mbili, au macho yamezama, au hana nguvu ya kunywa, au hajakojoa kwa saa sita, au choo kina damu, mpeleke hospitali, ukiendelea kumpa ORS njiani kama bado anaweza kumeza. Akiwa hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Maji ya kisima na ya dumu chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, na hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Ukishayachemsha usiyachote kwa kikombe ambacho mkono umezama.

Sukari ya damu yako yote, muda huu unaosoma, haizidi gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Soda moja ya mililita 350 ina karibu mara saba ya hiyo. Ugali haupishani sana na sukari kama unavyodhani: vimeng'enya vya mate, halafu vya kongosho, vinaukata wanga kuwa glukosi, na utumbo mwembamba, wenye urefu wa kama mita sita, unainyonya. Kongosho linatoa insulini, na insulini inaziambia seli zipokee na ini liweke akiba. Ini linaweza kuhifadhi kama gramu 100 tu za glaikojeni, yaani glukosi iliyofungwa pamoja kuwa akiba. Misuli ina kama 400, ila misuli ni bahili, haigawi kwa wengine. Ubongo pekee unataka kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo akiba ya ini ni ya usiku mmoja, ukivuta sana siku moja. Baada ya hapo ini linatengeneza sukari kutokana na protini za misuli, na mafuta yanaanza kuchomwa. Ukipita siku tatu nne, ini linageuza mafuta kuwa ketoni ambazo ubongo unakubali kuzila, na misuli inapumua.

Mafuta ndiyo akiba kubwa. Mtu mwembamba wa kilo 60 mwenye kilo 12 za mafuta ana kama kilokalori 90,000, na mwili uliolala unatumia kama 1,400 au 1,500 kwa siku. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Protini haina ghala lake. Ukikosa chakula muda mrefu, kinacholiwa ni misuli, na mwisho wake ni misuli ya kupumulia na moyo. Aliyekaa siku nyingi bila kula usimpakulie sinia. Sukari nyingi kwa ghafla inaamsha insulini, nayo inaingiza fosfeti na potasiamu ndani ya seli, damu inabaki tupu, moyo unayumba. Mtu wa namna hiyo hulishwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa hospitali.

Mwenzako anayechoma insulini akitetemeka, akatoka jasho na kuongea kama mlevi, sukari imeshuka. Akiwa anameza, mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, ikibidi rudia, kisha ale chakula. Malaria kali nayo inaweza kuishusha sukari ya mtoto, maana vimelea vyenyewe vinakula glukosi, na hapohapo vinapasua chembe nyekundu. Akiba mbili zinapigwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo homa ya mtoto hailazwi mpaka kesho, apimwe siku hiyohiyo kwa kile kipimo cha tone la kidole.

Chembe nyekundu inaishi siku 120, na uboho wa mifupa unatengeneza kama milioni mbili kila sekunde. Chuma chake mwili unakirudia kukitumia, una gramu tatu au nne tu, na unapoteza kama miligramu moja kwa siku. Wewe unapoteza zaidi kwa sababu ya hedhi, na kwa kuwa akiba ni ya miezi, upungufu haukupi taarifa. Utaanza kwa kuchoka kwenye ngazi. Maini na nyama vina chuma kinachoingia kwa urahisi. Cha maharage, mchicha na matembele kinaingia kwa shida, ila kamulia ndimu au limau, vitamini C inakifungulia njia. Chai inafanya kinyume, inakishika kisinyonywe, kwa hiyo ile chai yako ya rangi na maharage asubuhi, tenganisha kwa saa moja hivi.

Vitamini B12 ini linaweza kuihifadhi miaka, vitamini C ni ya wiki chache hadi miezi mitatu, basi tunda la kila siku lina sababu. Kalisiamu, kama kilo moja, asilimia 99 yake iko kwenye mifupa, na damu ikipungukiwa inakopa huko. Mifupa inajengeka mpaka karibu umri wa miaka 30, una muda bado. Dagaa wale na miiba yao. Chumvi nunua iliyotiwa madini joto, ifunike na uiweke mbali na jiko, maana joto na unyevu vinayapoteza.

Dada yako atafika Jumamosi. Nimempa pakiti nne za ORS na zinki, wewe tafuta jagi la lita moja lenye mistari ya kipimo, na lile jiko litoe nje kabla hawajafika.

Mama yako